Mwili wa mtoto si mzaha wa barazani

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu huonekana dogo, nalo ni namna tunavyoutazama na kuusema mwili wa mtoto ndani ya nyumba zetu.

Mtoto anapokuwa mchanga hupelekwa kliniki, akapimwa uzito, na mstari wa makuzi yake ukachorwa katika kadi. Akishatimiza miaka 5, kadi ile hutiwa kabatini pamoja na vyeti vingine na haifunguliwi tena. Tangu siku hiyo mizani inayombakia ni macho na ndimi za watu: shangazi aliyekuja kusalimia, jirani wa mlango wa pili, wenzake wa madrasa, na mara nyingine baba na mama yake mwenyewe. Akinenepa huitwa bonge, pipa au tipwatipwa. Akiwa mwembamba huitwa njiti, sindano au kimbaumbau. Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao ili asionekane mwenye kununa. Kisha huingia chumbani, akajitazama katika kioo, na kuanza kuuchukia mwili aliopewa na Mola wake.

Makala haya yana neno moja la kuwaambia wazazi na walezi. Mzaha wa namna hiyo haupunguzi wala hauongezi hata kilo moja ya uzito wa mtoto. Unachoongeza ni maradhi. Mtoto mwenye uzito usiofaa anahitaji nyumba nzima ibadilishe mazoea yake, na anahitaji mwili wake usitirike na midomo ya watu.

Bibi na simu

Katika mwambao wetu, kunenepa kumehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni alama ya neema. Mtu akirudi safari amejaza mashavu husifiwa kwamba amenawiri. Mke akikonda, watu humtazama mume kwa jicho la lawama. Kisha ikaja miaka ambayo ukimwi haukuwa na dawa za kupunguza makali, na wembamba ukageuka kuwa tuhuma. Hadi leo mama mwenye mtoto mwembamba huulizwa kama mwanawe anakula, japokuwa mtoto huyo anakimbia uwanjani tangu alasiri hadi magharibi na hana homa wala udhaifu.

Wakati huo huo imeingia majumbani picha ya upande wa pili. Katika simu ya kiganjani msichana huoneshwa viuno vilivyopunguzwa kwa ufundi wa kamera, na mvulana huoneshwa vifua na misuli ambayo kijana wa miaka 14 hawezi kuwa nayo kwa maumbile ya umri wake. Hivyo binti mmoja hutakiwa awe na miili miwili kwa wakati mmoja: bibi anamtaka ajae, na simu inamtaka akonde. Ni nani asiyeweza kuchanganyikiwa katika hali hiyo?

Yaliyotokea katika visiwa vya Fiji, ndani ya bahari ya Pasifiki, yana mazingatio kwetu. Watu wa huko nao waliuona mwili uliojaa kuwa ni dalili ya mtu anayetunzwa vyema na jamaa zake. Mwaka 1995 televisheni iliingia katika eneo la Nadroga. Mtafiti wa Kimarekani, Anne Becker, na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari muda mfupi baada ya televisheni kufika, kisha wakarejea mwaka 1998 na kuwahoji wasichana wengine wa rika hilo hilo. Waliokuwa na dalili za kasoro katika ulaji walitoka asilimia 12.7 na kufikia asilimia 29.2. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema kuwa hujitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3.

Ni kweli kwamba makundi hayo yalikuwa madogo, kila moja likiwa na wasichana wapatao 60 hivi. Hata hivyo, hiyo ilikuwa miaka mitatu tu ya televisheni moja ya sebuleni iliyotazamwa na watu wote kwa pamoja. Watoto wetu wa leo wanalala na picha hizo chini ya mto.

Pande mbili za mizani

Isidhaniwe kuwa tunasema uzito hauna maana. Una maana kubwa, na hatari yake iko pande zote mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na uzito uliozidi kiasi walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani, na miongoni mwao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka 1990 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 ya rika hilo. Mwaka 2022 walifikia asilimia 20. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza, watoto wa umri wa shule wenye unene wa kupindukia wamewazidi kwa idadi wale wenye uzito pungufu, isipokuwa katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Unene huo humfungulia kijana mlango wa kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na maumivu ya viungo, maradhi ambayo zamani tuliyazoea kwa wazee.

Kwa upande wa pili, utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mara nyingi hali hizi mbili hukutana katika nyumba moja: mama mnene na mtoto aliyedumaa, wote wakila wanga mwingi na mafuta, huku mboga, matunda, maharage na samaki vikiwa haba. Kwa hiyo ukubwa wa tumbo si ushahidi wa shibe njema, na wembamba peke yake si ushahidi wa njaa.

Jicho si mizani

Basi mzazi atajuaje? Njia ni kupima, na kupima kwenyewe kuna kanuni yake. Wataalamu huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, jibu likiwa kati ya 18.5 na 25 huhesabiwa kuwa ni uzito wa kawaida. Wengi hawajui kuwa vipimo hivyo vya watu wazima havimhusu mtoto. Mtoto hulinganishwa na watoto wa umri wake na jinsia yake, kwa kutumia majedwali ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 2007 kwa ajili ya miaka 5 hadi 19.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 10 mwenye urefu wa sentimita 138 na uzito wa kilo 32 hupata jibu la karibu 16.8. Angekuwa mtu mzima, tungesema amekonda. Lakini katika majedwali hayo, msichana wa miaka 10 aliye katikati kabisa ya wenzake ana 16.6. Binti huyu, basi, yuko sawa sawa na umri wake. Anayemwita njiti amekosea, na anayemlazimisha kumaliza sahani ya pili amekosea pia.

Aidha, kuna mabadiliko ya baleghe ambayo huwatisha wasioyajua. Kwa kawaida baleghe huanza kwa msichana kati ya miaka 8 na 13, na kwa mvulana kati ya miaka 9 na 14. Kabla ya kuvunja ungo, mwili wa msichana hujiwekea mafuta mapajani, nyongani na kifuani, na huongezeka kilo kadhaa katika muda mfupi. Hayo ni maumbile, si ulafi. Mvulana naye anaweza kuonekana mnene kwa mwaka mmoja, kisha akarefuka ghafla na unene ule ukatawanyika. Mzazi asiyeyafahamu hayo huanza kumkatalia mtoto chakula katika umri ambao mifupa na damu yake vinakihitaji zaidi.

Linalofaa ni kumpeleka mtoto kituo cha afya walau mara moja kwa mwaka akapimwe urefu na uzito, na kulinganisha vipimo vya mwaka huu na vya mwaka uliopita. Mwelekeo wa mstari una maana kubwa kuliko namba ya siku moja. Na upimaji huo ufanyike faraghani, si mbele ya ndugu zake.

Ulimi na sahani

Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti uliofanyika katika jimbo la Minnesota, Marekani, kwa zaidi ya vijana 2,000 pamoja na wazazi wao. Vijana ambao wazazi wao walizungumza nao kuhusu unene na uzito walielekea zaidi kujinyima chakula na kutumia njia mbaya za kujikondesha. Wale ambao wazazi wao walizungumza nao kuhusu chakula bora tu, bila ya kuutaja uzito, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufanya mambo hayo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba hili limesababisha lile. Lakini mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi, kiliwashauri madaktari na wazazi wasiwahimize vijana kujinyima chakula, wasiwafanyie mzaha wa miili, na badala ya kuzungumzia uzito wazungumzie chakula bora na mazoezi. Kikahimiza pia familia kula pamoja.

Sababu yake haifichiki kwa mwenye kutafakari. Mtoto anayechekwa wakati wa kula hujifunza kula kwa kujificha. Anayechekwa uwanjani huacha kucheza. Anayejinyima chakula cha asubuhi na cha mchana hufikia usiku akiwa na njaa kali, akala kupita kiasi, kisha akajilaumu, na kesho yake akaanza upya. Hivyo mzaha uliokusudiwa kumkondesha humnenepesha, na humwachia jeraha moyoni.

Dini yetu ililikata jambo hili mapema. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Bibi Aisha (RA) aliashiria ufupi wa Bibi Safiyya (RA), na Mtume (SAW) akamjulisha kuwa neno hilo, lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Ilikuwa ni ishara ya kimo tu. Je, sisi tunaomwita mtoto pipa kila siku, mbele ya wageni, tunasemaje?

Imepokewa vile vile na Imam Ahmad kwamba Sayyidna Abdullah bin Mas'ud (RA) alipanda mti kukata miswaki, na watu wakacheka kwa wembamba wa miundi yake. Mtume (SAW) akawaambia kuwa miguu hiyo ni mizito katika mizani ya Akhera kuliko jabali la Uhud. Hakumshauri Ibn Mas'ud anenepe, wala hakunyamaza na kuwaacha wenye kucheka. Alimtetea palepale, na hivyo ndivyo mzazi anavyopaswa kufanya shangazi anapoanza mzaha wake.

Nyumba ibadilike, si mtoto peke yake

Mtoto hanunui mafuta wala sukari ya nyumbani; hula anachokikuta. Kwa hiyo marekebisho yaanze jikoni na kwa watu wote, mnene na mwembamba, mkubwa na mdogo. Kumtenga mtoto mmoja na kumpa sahani ya adhabu huku ndugu zake wakila kaimati ni kumwonesha kuwa mwili wake ni kosa.

Jambo la kwanza ni sukari ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula cha siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, kiasi hicho ni kama gramu 40. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Ukiongeza chai ya asubuhi, juisi ya unga na vipande vya barafu vya rangi vinavyouzwa nje ya shule, kiwango kimekwisha vukwa kabla ya magharibi. Maji yawe ndiyo kinywaji cha nyumbani, na soda ibakie ya sikukuu na harusi.

Jambo la pili ni sinia. Kula pamoja ni mila yetu na ni dawa, maana mzazi humwona anayekula kwa pupa na anayetafuna tonge moja kisha akaondoka. Tena tunayo adabu yake. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume (SAW) alimfundisha kwa upole ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Alirekebisha mwenendo wa mkono, na mwili wa mtoto hakuugusa kwa neno. Mchele upungue katika sinia, mboga na maharage viongezeke, na tunda liwekwe karibu. Mtoto aliyeshiba asilazimishwe kumaliza, wala anayetaka kuongeza asisimangwe.

Jambo la tatu ni mchezo. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 za kuutikisa mwili kila siku. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na kwa wasichana ni asilimia 85. Kwetu sababu mojawapo inajulikana: binti akishabaleghe huambiwa atulie ndani. Stara ni wajibu, lakini stara haikuharamisha kuruka kamba uani, kucheza rede na wenzake wa kike, kutembea na mama yake baada ya alasiri, au mpira wa pete katika uwanja wa wasichana. Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha (RA) katika safari, naye akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume (SAW) akashinda, akafanya bashasha kuwa hiyo ni kwa ile. Mwili ulibadilika, na mapenzi na mchezo vikaendelea.

Jambo la nne ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni. Asiyelala vya kutosha huamka na hamu ya vitu vitamu na uvivu wa kucheza.

Dalili zisizopuuzwa

Kuna wakati ambapo subira ya nyumbani haitoshi. Mzazi amwendee daktari haraka akiona mtoto anapungua uzito bila ya sababu, anakwenda chooni kila baada ya kula na kurudi na macho mekundu, anazirai, anajihisi mnene ilhali mifupa inaonekana, au binti aliyekwisha anza hedhi akaikosa kwa miezi mitatu. Hali kadhalika mtoto mnene anayepata kiu na mkojo wa mara kwa mara, au ambaye ngozi ya shingo yake imekuwa nyeusi na nene, apimwe sukari.

Tunawatanabahisha wazazi kuhusu funga pia. Funga za sunna ni ibada yenye malipo, lakini msichana anayefululiza kufunga, kisha akafuturu kwa maji na nusu tende, huenda anajikondesha kwa kisingizio cha ibada. Aulizwe kwa upole. Sharia iliyomruhusu mgonjwa kula hata katika Ramadhani haiwezi kumtaka mtoto ajidhuru kwa funga ya hiari.

Wapo pia wanaoununua unene. Vidonge vya kuongeza mwili huuzwa kwa siri mitaani, na baadhi yake ni deksamethazoni, dawa ya kundi la steroidi inayohitaji idhini ya daktari. Huvimbisha uso na mwili, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na huzuia mtoto kurefuka. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla bila ya kumwona daktari, kwani kuiacha hivyo nako kuna hatari.

Ndugu wasomaji, leo baada ya Swala ya Ijumaa familia nyingi zitakusanyika kwenye pilau, na wageni watakuja. Akitokea mmoja wao akasema, mbona huyu amekuwa bonge hivi, mzazi amjibu kwa adabu na mtoto akisikia: mwanetu yu mzima, alhamdulillahi, na katika nyumba hii miili ya watoto hatuisemi. Neno hilo moja mtoto atalikumbuka kwa miaka mingi. Kisha baada ya chakula amshike mkono, na ndugu zake wote, watoke wakatembee.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu siha njema na nyoyo zilizotulia, na atulinde sisi na shari ya ndimi zetu. Amin.